Wakimbizi wa Pemba, 2001

Baina ya Ras Kigomasha, kaskazini ya Pemba, na Shimoni, katika pwani ya Kenya, pana bahari ya kilometa 40 hivi. Wavuvi wa Pemba wameivuka tangu zamani wakienda dago, na wengine wakaoa huko wasirudi.

Safari za mwisho wa Januari, 2001, zilikuwa za namna nyingine. Uchaguzi wa Oktoba, 2000, ulikuwa umevurugika, na chama cha CUF kikaitisha maandamano tarehe 27 Januari kudai urudiwe. Askari wakapiga risasi Wete, Micheweni na kwingineko. Tume ya serikali ilihesabu maiti 31 Unguja na Pemba, na wachunguzi wengine walitaja zaidi. Ukafuata msako wa majumbani. Watu wakaingia mashuani, wengine usiku, wakaacha mikarafuu na mihogo mashambani. Waliofika Kenya walikuwa wapata 2,000. Ndipo Tanzania, iliyokuwa imewapokea wakimbizi wa Burundi na Kongo kwa malaki, ilipotoa wakimbizi wake yenyewe.

Laiti wangaliachwa Shimoni, ugeni wao ungalikuwa mdogo: lugha ni ile ile, misikiti ni ile ile, na si wachache waliokuwa na mjomba au shangazi katika vijiji vya jirani. Walakini mkimbizi huwekwa kambini, na wengi wao walichukuliwa hadi Dadaab, karibu na mpaka wa Somalia. Mvuvi aliyezoea kupima kusi na kaskazi kwa uso wake akajikuta penye mchanga usio na pwani, akingojea mgao wa unga. Mkewe, aliyekuwa akiokota kuni nyuma ya nyumba, sasa akazifuata mbali, na kwa hofu. Sheria iliwahifadhi, naam, lakini kwa kuwatenga na wale ambao wangaliwapokea bila ya sheria.

CCM na CUF walitia sahihi Muafaka tarehe 10 Oktoba, 2001, na wengi wakarejea. Wachache hawakuuamini. Waliihama kambi wakaingia Mogadishu, mji uliokuwa vitani, wakakaa humo miaka kumi na zaidi. Mwaka 2012 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi liliwarudisha baadhi yao kwao. Miongoni mwao walikuwamo watoto waliozaliwa ukimbizini, ambao Pemba walikuwa wameisikia tu kwa vinywa vya wazazi.