Mashine za wanachuo wa Arusha huishia wapi?

Mdogo wangu wa kike alinialika chuoni kwao, hapa hapa Arusha, siku ya kuonyesha kazi za mwaka wa mwisho. Chuo sikitaji, msinitafutie ugomvi. Alikuwa ametengeneza mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, ya kukanyaga kwa mguu. Kazi ya miezi minane ile: miwili ya michoro, mitatu ya kutafuta vyuma Unga Limited na kubembeleza wachomeleaji, iliyobaki ya kukosea na kurudia. Hela ya bumu iliishia kwenye beringi. Nakumbuka wiki moja alikuwa akinywa chai ya rangi asubuhi na jioni, na bado anaongelea meno ya gia kama mtu aliyependa.

Walimu wakampa alama nzuri. Wiki mbili baadaye nikamuuliza mashine iko wapi.

"Stoo, kaka. Wenzetu wa mwaka ujao watakata vile vyuma watumie."

Kisha akanitupia swali: "Wewe si unajidai kuandika mambo ya zamani? Kuna kitu chochote kilichowahi kubuniwa Arusha watu wakakitumia?" Nikajibu ndiyo, haraka haraka, halafu nikagundua sina ushahidi mfukoni. Basi nikaenda kuchimba. Niliyoyapata ndiyo haya.

Tuanzie Nairobi, mtaniwia radhi. Kati ya 1963 na 1970 Nairobi, Makerere na Dar es Salaam vilikuwa vyuo vya Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki, na uhandisi ulifundishwa Nairobi. Kijana wa Meru mwenye kichwa cha hesabu alipitia Namanga kwenda kusoma. Ni Nairobi hiyo hiyo ambako msanii wa Afrika Kusini, Selby Mvusi, aliyetoka kufundisha Kumasi, Ghana, alifika mwaka 1965. Yeye na mwenzake Derek Morgan wakaanzisha masomo ya ubunifu wa bidhaa za viwandani. Mvusi hakutaka mbunifu wa Kiafrika afungiwe kwenye vinyago na vikapu. Alitaka awe mtu wa viwanda na wa miji ya wakati wake. Mwaka 1967 akafa katika ajali ya gari huko huko Kenya, akiwa hajafika hata miaka 40. Huwa najiuliza wanafunzi wake wangetuachia nini kama angepata miaka 20 zaidi.

Mwaka huo huo wa 1967 ndio wa Azimio la Arusha, na neno kujitegemea likawa wimbo. Kujitegemea bila mitambo ni kazi ngumu, kwa hiyo serikali ikaanza kuunda vyombo. SIDO ikaundwa 1973, mwaka ambao Dar es Salaam nayo ilianza kitivo chake cha uhandisi. Chuo cha Ufundi Arusha kikafunguliwa 1978 kwa msaada wa Ujerumani. TEMDO, shirika la kusanifu mitambo, likaundwa kwa sheria ya 1980. Tanuri zake za kuchomea taka za hospitali mmeziona, au angalau moshi wake. Mwaka uliofuata Bunge likapitisha sheria ya kuunda CAMARTEC, shirika la zana za kilimo na teknolojia ya vijijini. Hesabu mwenyewe: chuo kimoja na mashirika mawili ya kubuni, yote katika mji ambao wageni wanaujua kwa safari za Serengeti tu.

Sasa hapa kwenye CAMARTEC ndipo nilipokaa siku tatu, maana ndipo jibu la mdogo wangu lilipo. Ni la samadi, kwa hiyo anayekula sasa asubiri amalize.

Biogesi ililetwa nchini na SIDO mwaka 1975 kwa mtindo wa India: shimo la samadi, na juu yake pipa kubwa la chuma linaloelea, likipanda gesi ikijaa na kushuka ikipungua. Ni mtambo mzuri kuutazama. Lakini chuma ni ghali, na chuma kilichokaa juu ya tope la samadi kinaoza. Mwaka 1983 CAMARTEC ikaanza mradi wa biogesi pamoja na GTZ ya Ujerumani, na badala ya kutafuta chuma bora wakaamua kukiondoa kabisa.

Wakachukua kuba la matofali lililofukiwa ardhini. Gesi inajikusanya juu ndani ya kuba na kulisukuma tope kwenda chumba cha pembeni. Ukifungua jiko, tope linarudi na kuisukuma gesi jikoni. Hakuna kinachozunguka wala kinachoota kutu. Tatizo la kuba ni nyufa. Ufa mmoja mwembamba na gesi yote inakwenda kwa jirani. Hapo ndipo akili ilipofanya kazi: wakaweka kwenye ukuta mkanda dhaifu wa makusudi, ili ujenzi ukivutana, ufa utokee pale na usipande hadi sehemu inayoshika gesi. Yaani walikubali kwamba kitu kitapasuka, wakachagua kipasuke wapi. Mimi si mhandisi, lakini hilo lilinifanya nisimame nitembee kidogo chumbani.

Na lingine. Fundi mwashi hakuhitaji kusoma mchoro mgumu ili ajenge kuba lile. Anaweka kigingi katikati na fito yenye urefu mmoja, kila tofali linakaa pale fito inapofika, na duara linajitokeza lenyewe. Halafu mtambo uliunganishwa na banda. Huku kwenye miteremko ya Meru, ardhi imekuwa finyu kiasi kwamba ng'ombe anafungwa bandani na majani anafuatwa nayo. Kwa hiyo mkojo na samadi vinaweza kuteremka vyenyewe moja kwa moja shimoni. Ludwig Sasse, Christopher Kellner na Ainea Kimaro wakayaandika yote hayo katika kitabu cha mwaka 1991, wakisisitiza kwamba mtambo ni sehemu ya shamba. Jina la CAMARTEC likabaki kwenye umbo hilo la kuba, na mpango wa taifa wa biogesi majumbani ulipoanza 2009, ni CAMARTEC hiyo hiyo iliyousimamia.

Wanachuo nao? Hadithi yao niijuayo inaanzia mbali, Marekani. Kuanzia 2002 Amy Smith wa MIT alikuwa na darasa liitwalo D-Lab, la kubuni vitu pamoja na watu wa vijijini. Mwanafunzi mmoja, Jodie Wu, alishughulikia mashine ya kupukuchua mahindi inayofungwa kwenye baiskeli. Wengine wangechukua alama wakaondoka. Yeye alirudi, na mwaka 2009 akawa na kampuni Arusha, Global Cycle Solutions. Haikuwa rahisi, na baadaye kampuni iliegemea zaidi taa za sola. Ila karibu na kazi zile alikuwepo fundi baiskeli wa Arusha, Bernard Kiwia, aliyebuni chaja ya simu inayoendeshwa na baiskeli. Kiwia ndiye ninayemwonea wivu. Yeye alijenga karakana, Twende, ambamo mtu yeyote anaweza kuingia na tatizo lake akatoka na kifaa.

Na mwaka 2015 Askwar Hilonga, mzaliwa wa Gongali kule Karatu na mwalimu wa Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru, alipata tuzo ya kwanza ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza, pauni 25,000, kwa chujio lake la maji. Anayeshangaa umuhimu wake amtazame Mmeru akicheka. Meno yetu ya kahawia ni kazi ya floraidi.

Nilipomaliza nikamchukua mdogo wangu hadi kwa shangazi, Akheri. Ana mtambo wa kuba uliojengwa 1988, marehemu mumewe akiwa hai, na maharage tuliyokula yaliivia hapo. Mashine hatukuwa nayo, iko stoo. Alikuwa na michoro na futi kamba tu. Shangazi akaitazama michoro kwa muda mrefu, huku ameshika panga lake la kukatia mabingobingo.

"Hapa ndipo pa kukanyaga?"

"Ndiyo, shangazi."

"Mwanangu, hii itakula kitenge changu siku ya kwanza."

Miezi minane, jopo zima la walimu, na hakuna aliyefikiria kitenge. Mdogo wangu akanyamaza, akatoa kalamu, akaanza kumpima shangazi kutoka kiunoni hadi chini. Akaomba arudi Jumamosi. Shangazi akasema Jumamosi ni soko la Tengeru, aje Jumapili baada ya kanisa.