Unga Chini ya Mti: Ushahidi wa Maneno juu ya Matambiko ya Masasi na Newala

Wahindu huwatolea wazee wao waliofariki matonge ya wali yaitwayo pinda, na maandiko yao ya kale yaeleza ibada hiyo. Wamakua, Wayao na Wamakonde wa Masasi na Newala hawakuiandika yao. Yatubidi tuitafute katika maneno. Mizimu ambayo Wayao huiita masoka, Wamakonde huiita mahoka. Mti ambao Wayao huuita msolo, Wamakua huuita mtholo, na chini yake ndipo unga ulipomiminwa. Karl Weule aliyashuhudia hayo mwaka 1906, miaka 30 baada ya Askofu Steere (yule yule mwanasarufi wa Kiswahili) kuanzisha misheni Masasi. Majina haya hayakuokotwa jana: kila lugha imeyafinyanga kwa sauti zake. Uislamu ulipoenea, tambiko likavikwa jina la Kiarabu, sadaka. Mwanahistoria aishiaye hapo atadhani kwamba hata jambo lenyewe lilitoka pwani. Nami nasema, kamusi inayotosheka na neno ‘mzimu’ na kuyaacha mahoka inafuta hati iliyo kongwe kuliko kitabu cha Weule.