Ripoti ya Lighthill na Hatima ya Fedha za Utafiti wa Akili Unde Nchini Uingereza

Ripoti iliyochapishwa mwaka 1973 na Baraza la Utafiti wa Sayansi la Uingereza iliandikwa na mtu asiyekuwa mtafiti wa akili unde. James Lighthill alikuwa mwanahisabati wa Cambridge, aliyesifika kwa kazi zake kuhusu mwendo wa hewa na vimiminika. Baraza lilimchagua kwa kuwa alikuwa mgeni: lilitaka hukumu ya mtu asiye na masilahi katika ugomvi wa wataalamu wenyewe. Uteuzi huo ulikuwa na mantiki yake, lakini ulimpa mtu mmoja uzito ambao kwa kawaida hubebwa na jopo zima.

Lighthill aliugawa utafiti huo katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilihusu mitambo ya kujiendesha yenyewe viwandani, na la tatu lilitumia kompyuta kuchunguza ubongo na mfumo wa fahamu. Yote mawili aliyaona kuwa na manufaa. Kundi la katikati, yaani ujenzi wa roboti uliokusudiwa kuyaunganisha hayo mawili, ndilo alilolikataa. Hoja yake yenye nguvu zaidi ilikuwa ya kihesabu: programu zilizofaulu katika matatizo madogo ya maabara zilishindwa pale idadi ya njia za kuchunguzwa ilipoongezeka maradufu kwa kila hatua. Hoja hiyo haikuwa ya uonevu. Watafiti wenyewe walikuwa wakiikabili kila siku.

Pigo liliangukia Edinburgh. Huko Donald Michie na wenzake walikuwa wameunda Freddy, roboti iliyoweza kutambua vipande vya mbao vilivyorundikwa pamoja na kuviunganisha kuwa gari la kuchezea. Katika mjadala uliorekodiwa na BBC mwaka 1973, Michie, Richard Gregory na John McCarthy wa Stanford walimpinga Lighthill hadharani, lakini mkondo wa fedha haukubadilika. Leo Freddy ni kielelezo katika Makumbusho ya Taifa ya Scotland.

Hata hivyo, kuibebesha ripoti hiyo lawama yote ni kurahisisha historia. Mafarakano ya viongozi wa utafiti wa Edinburgh yalitangulia ripoti, na maombi yasiyosemwa kwa sauti moja ni rahisi kukataliwa. Nchini Marekani nako, marekebisho ya sheria yaliyohusishwa na Seneta Mansfield mwaka 1969 yalikuwa yameibana ARPA ifadhili tu utafiti wenye uhusiano wa moja kwa moja na kazi za kijeshi.

Kilichoifungua tena hazina ya Uingereza hakikuwa jibu la kitaaluma kwa Lighthill. Mwaka 1982 Japani ilianzisha mradi wa kompyuta za kizazi cha tano. Mwaka uliofuata Uingereza ikazindua Mpango wa Alvey, uliotengewa pauni milioni 350 za serikali na viwanda. Tatizo la hesabu lililotajwa mwaka 1973 lilikuwa bado halijatatuliwa.