Mapato, Mipaka na Watu: Historia ya Mipango ya Kimkakati na Huduma za Umma katika Arua na Koboko, 1992–2020

1. Utangulizi

Tafiti nyingi kuhusu usimamizi wa kimkakati katika serikali za mitaa huanzia kwenye mpango wenyewe: je, halmashauri ina dira, malengo na vigezo vya kupima utekelezaji? Huduma zinapodorora, lawama huelekezwa kwenye upungufu wa ujuzi wa maofisa. Makala hii inadai kwamba, kwa Arua na Koboko, maelezo hayo hayatoshi. Mpango husimama juu ya mambo matatu ambayo mpangaji hana mamlaka nayo peke yake: mapato, mipaka, na idadi ya watu. Katika Nile Magharibi yote matatu yametikiswa.

2. Madaraka ya kupanga

Eneo hili liliingizwa Uganda kutoka Sudan mwaka 1914, na Arua ikawa makao ya utawala. Wakoloni walilitazama zaidi kama chimbuko la askari na vibarua wa mashamba ya kusini. Baada ya serikali ya Idi Amin kuanguka mwaka 1979, vita na visasi viliwakimbiza wakazi wengi hadi Sudan na Zaire. Kwa hiyo ugatuzi uliotangazwa mwaka 1992, ukathibitishwa na Katiba ya 1995 na Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997, ulikuja katika jamii iliyokuwa ikijijenga upya. Sheria hiyo iliifanya halmashauri ya wilaya kuwa mamlaka ya kupanga, ikitakiwa kujumuisha mipango ya ngazi za chini, na iliziachia kaunti ndogo asilimia 65 ya mapato yaliyokusanywa humo.

3. Mapato: mwaka 2005

Wilaya ya Koboko ilianza Julai 2005, ikiwa imemegwa kutoka Arua. Katika mwaka huohuo wa fedha, serikali kuu ilisimamisha kodi ya kichwa, nguzo kuu ya mapato ya ndani vijijini. Kodi hiyo ilichukiwa, na chuki hiyo ilikuwa na sababu: ilimlemea maskini, na ukusanyaji wake uliambatana na misako. Hata hivyo, ndizo zilizokuwa fedha ambazo halmashauri iliweza kuzielekeza kwa hiari yake. Kodi ya huduma za mitaa na kodi ya hoteli zilizoletwa mwaka 2008 hutegemea mishahara na hoteli, vitu adimu katika wilaya ya wakulima na wachuuzi wa mpakani. Pengo lilizibwa na ruzuku zenye masharti. Koboko ilizaliwa na wajibu wa kupanga, lakini sehemu kubwa ya fedha zake ilikuwa imekwisha kupangiwa matumizi na wizara.

4. Mipaka isiyotulia

Yumbe ilijitenga na Arua mwaka 2000. Wilaya ya Maracha-Terego, iliyopangwa kuanza mwaka 2006, ilikwama katika mgogoro wa mahali pa makao makuu. Maracha ikasimama peke yake mwaka 2010, nayo Terego ikabaki Arua hadi ilipopewa wilaya yake mwaka 2020. Madi-Okollo ilianza mwaka 2019, na Jiji la Arua Julai 2020.

Hatuwezi kukana faida: ofisi ikisogea, mwananchi hupunguziwa safari. Lakini kila mgawanyo huzigawa pia mali, madeni na watumishi, na shabaha za mpango wa miaka mitano hubaki zikihusu wilaya ambayo haipo tena kwa sura ile.

5. Watu wasiohesabika

Koboko inapakana na Sudan Kusini na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Baada ya mapigano ya Juba ya Julai 2016, wakimbizi waliongezeka kwa kasi katika ukanda huu, na makazi ya Imvepi yakafunguliwa mwaka 2017. Msaada hutolewa hasa makazini. Mkimbizi anayehamia mjini hutumia shule, zahanati na maji ya mji, ilhali takwimu za mji hazimwoni.

6. Ushahidi wa upande wa pili

Kuanzia mwaka 2013, Arua ilikuwa miongoni mwa manispaa 14 zilizoingizwa katika mradi wa miundombinu ya miji uliogharamiwa na Benki ya Dunia. Fedha zilifungamanishwa na utendaji katika mipango, ununuzi na ukusanyaji wa mapato. Barabara za mji zilijengwa kwa lami. Utawala uleule wa mitaa, ulipopewa fedha za kutosha na zenye kutabirika, uliweza kutekeleza.

7. Hitimisho

Mapendekezo matatu yanafuata. Wilaya mpya zianze pamoja na mzunguko mpya wa mipango, si katikati yake. Sehemu ya ruzuku isiyo na masharti iongezwe, ili kipaumbele cha halmashauri kiwe na fedha nyuma yake. Wakimbizi waishio mijini wahesabiwe katika vigezo vya mgao. Mafunzo ya maofisa yana thamani, lakini hayawezi kufidia msingi unaohamishwa kila baada ya miaka michache.