Unene Uliokithiri na Upasuaji wa Kupunguza Uzito

Unene uliokithiri ni ugonjwa sugu wa mwili kulimbikiza mafuta hadi yakaanza kudhuru afya. Kipimo chake cha kawaida ni uwiano wa uzito na urefu: kilo za mtu hugawanywa kwa kipeo cha pili cha urefu wake katika mita. Mwenye kilo 90 na urefu wa mita 1.60 ana uwiano wa 35. Kuanzia 25 uzito umezidi. Kuanzia 30 ni unene uliokithiri. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 mtu 1 kati ya 8 duniani alikuwa katika hali hiyo. Kipimo hiki hakitofautishi misuli na mafuta, wala hakionyeshi mafuta yamekaa wapi, kwa hiyo kiuno nacho hupimwa. Mafuta ya kitambi, yanayozunguka ini na matumbo, ni hatari kuliko ya mapaja na makalio.

Mafuta hayo ya ndani huufanya mwili usiitikie insulini ipasavyo. Hapo ndipo kisukari cha aina ya pili kinapopata nafasi, na mara nyingi presha, ini lenye mafuta na maradhi ya moyo hufuatana nacho. Uzito wenyewe husaga magoti. Usiku njia ya hewa hujiziba, mtu akakoroma, akasita kupumua, akaamka amechoka. Wanawake wengine huvurugikiwa hedhi na kuchelewa kushika mimba. Saratani kadhaa pia, zikiwemo za utumbo mpana na za mji wa mimba, huongezeka.

Basi kwa nini mtu asile kidogo tu? Wengi hujaribu, tena kwa bidii kubwa, wakapungua, kisha kilo zikarudi. Uzito ukishuka, mwili huongeza homoni ya njaa, ghrelini, na kupunguza nishati unayotumia hata ukiwa umepumzika. Kumwita mgonjwa wa namna hii mlafi ni kumwonea, na aibu hiyo huwazuia watu kwenda hospitali mapema.

Upasuaji ulitokana na jambo lililoonekana wodini. Edward Mason, daktari wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, aliona kwamba wagonjwa waliokatwa sehemu ya mfuko wa chakula kwa ajili ya vidonda vya tumbo walipungua na hawakunenepa tena kwa urahisi. Mwaka 1966 alianza kuchepusha njia ya chakula kwa makusudi. Katika mtindo wa sasa, sehemu ndogo ya juu ya mfuko, yenye mililita 30 hivi, hutengwa na kuunganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba. Njia nyingine, inayofanywa zaidi siku hizi, ni kuondoa takriban asilimia 75 hadi 80 ya mfuko, ukabaki mwembamba kama ndizi. Zote hufanyika kwa nusu kaputi kupitia matundu madogo.

Zamani ilidhaniwa siri yote ni udogo wa tumbo. Lakini sukari ya wagonjwa wengi wa kisukari hushuka ndani ya siku chache, kabla kilo hazijapungua sana. Daktari Walter Pories na wenzake wa North Carolina, Marekani, waliliandika hilo mwaka 1995. Chakula kikiufikia utumbo haraka, homoni za shibe na za kuchochea insulini huongezeka. Na sehemu inayoondolewa katika njia ya pili ndiyo inayotoa ghrelini nyingi. Utafiti wa Sweden ulioanza mwaka 1987 ulionyesha, katika matokeo ya 2007, vifo vichache zaidi kwa waliopasuliwa kuliko kwa waliotibiwa kwa njia za kawaida.

Mwongozo wa kimataifa wa 2022 unapendekeza upasuaji kwa mwenye uwiano wa 35 na zaidi, na kuanzia 30 kwa mwenye kisukari cha aina ya pili. Hatari zake ni kuvuja kwa mishono, kutokwa damu na damu kuganda miguuni au mapafuni. Baadaye kula sukari nyingi huweza kuleta kizunguzungu na kuhara, na pombe hulevya haraka. Vitamini B12, chuma na kalsiamu hupungua, hivyo vidonge na vipimo vya damu ni vya maisha yote. Mwanamke hushauriwa asubiri mwaka mmoja au zaidi kabla ya kubeba mimba.

Puto linalowekwa tumboni ili kupunguza uzito, huduma inayopatikana Hospitali ya Mloganzila jijini Dar es Salaam, si upasuaji. Huingizwa kupitia mdomoni na hukaa kwa miezi tu. Likitolewa, njaa ya awali huweza kurudi.