Uchimbaji wa Bitcoin ulivyoilemea gridi ya Kazakhstan

SERIKALI nyingi duniani zimekuwa zikiwalaumu wachimbaji wa sarafu za mtandao, hususan Bitcoin, kwa kutumia umeme mwingi. Mfano ulio wazi ni wa Kazakhstan, nchi ya Asia ya Kati iliyowapokea kwa mikono miwili, kisha ikawakatia umeme.

Uchimbaji huo hauhusiani na ardhi. Ni kazi ya kompyuta maalumu zinazoshindana kubahatisha tarakimu fulani, na takriban kila baada ya dakika 10 mshindi mmoja hulipwa Bitcoin mpya. Kompyuta zikiongezeka, fumbo hurekebishwa liwe gumu zaidi ili muda huo usipungue. Kwa hiyo mashine zikizidi, umeme unaotumika huongezeka lakini sarafu zinazopatikana haziongezeki. Watetezi wake husema hiyo ndiyo gharama ya kuulinda mfumo dhidi ya wadanganyifu.

Kwa mujibu wa takwimu za Chuo Kikuu cha Cambridge, mwaka 2019 China ilikuwa na takriban robo tatu ya uchimbaji wote wa Bitcoin duniani. Serikali ya Beijing ilipoupiga marufuku mwaka 2021, wachimbaji wengi walivusha mashine zao hadi Kazakhstan, ambako umeme, unaozalishwa zaidi kwa makaa ya mawe, ulikuwa wa bei nafuu. Ilipofika Agosti mwaka huo, nchi hiyo ilikuwa na asilimia 18 ya uchimbaji huo, ikiwa ya pili baada ya Marekani.

Gridi haikuhimili. Oktoba 2021, mitambo mitatu mikubwa ya kaskazini ilizimika kwa dharura. Serikali iliwanyooshea kidole hasa wachimbaji wasiosajiliwa, na kuanzia Januari 2022 ikatoza tenge moja kwa kila uniti ya umeme iliyotumika katika uchimbaji. Hata hivyo, mwishoni mwa mwezi huo shirika la gridi, KEGOC, liliwakatia umeme hata waliosajiliwa, ambao walikuwa wakilipa kodi.

Malalamiko yao hayakuwa ya bure. Mitambo mingi ya nchi hiyo ni ya enzi za Kisovieti, na uchakavu wake ulianza kabla ya Bitcoin. Lakini msomaji aliyewahi kuishi na mgawo wa umeme ataelewa kwa nini hoja hiyo haikumpoza mwananchi aliyekaa gizani.

Februari 2023, Rais Kassym-Jomart Tokayev alitia saini sheria inayowalazimu wachimbaji kuwa na leseni.

Wapo waliobadilika wenyewe. Septemba 2022, mtandao wa Ethereum uliacha mashindano hayo ya kompyuta na kupunguza matumizi yake ya umeme kwa zaidi ya asilimia 99. Bitcoin haikufuata, na wachimbaji wake wameendelea kufuata umeme wa bei nafuu popote ulipo. Miongoni mwa waliotoka China, wapo waliofika Ethiopia, ambako shirika la umeme la serikali liliingia nao mikataba wakati takriban nusu ya wananchi walikuwa bado hawajafikiwa na umeme.