Bei ya Kushindwa: Gharama za Kesi za Uchaguzi Afrika ya Mashariki

Baba yangu mdogo, anayeishi hapa Kigali, aliwahi kuacha kesi ya mpaka wa kiwanja kabla haijasikilizwa. Hakuogopa kushindwa, aliogopa kumlipa wakili wa jirani yake baada ya kushindwa. Nilimkumbuka nilipokuwa nikisoma historia ya kesi za uchaguzi katika nchi jirani, kwa sababu swali ni lile lile: gharama za kesi hupangwa na nani, wakati gani, na kwa kipimo kipi? Katika insha hii nitaonyesha kwamba jibu la swali hilo huamua ni nani anayeweza kupinga matokeo ya uchaguzi mahakamani.

Kenya, Uganda na Tanzania zilirithi kutoka Uingereza kanuni kwamba aliyeshindwa humlipa aliyeshinda gharama zake. Jaji huamua nani alipe. Kiasi hukadiriwa baadaye na msajili au ofisa mwingine wa mahakama, ambaye hupitia madai ya wakili kipengele kwa kipengele: ada ya kupokea kazi, siku za kufika mahakamani, nakala, safari. Ada ya kupokea kazi ndiyo kubwa kuliko zote, na ndiyo inayogombaniwa. Katika kesi ya deni, kiasi cha deni humwongoza mkadiriaji. Lakini kiti cha ubunge kina thamani ya shilingi ngapi? Kwa kuwa hakina bei, mkadiriaji hutazama ugumu wa kesi, kazi iliyofanyika na uzito wa jambo lenyewe kwa umma.

Kipimo kinachotumiwa hadi leo kilitolewa mwaka 1972 na Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki, katika kesi ya kibiashara ya Premchand Raichand dhidi ya Quarry Services. Majaji walisema gharama zisipande hadi mahakama ikabaki ya matajiri peke yao. Walisema pia kwamba mshindi arudishiwe kwa haki alichotumia, na malipo yawe ya kutosha kuwavuta vijana katika uwakili. Makadirio ya kesi zinazofanana nayo yasitofautiane mno.

Kanuni hiyo ilijaribiwa vikali nchini Tanzania. Mwaka 2001 Bunge lilibadilisha kifungu cha 111 cha Sheria ya Uchaguzi. Tangu hapo, mlalamikaji alitakiwa kuweka mahakamani shilingi milioni 5 kama dhamana ya gharama, la sivyo msajili asingempangia tarehe ya kusikilizwa. Julius Ishengoma Francis Ndyanabo alikuwa amepinga matokeo ya jimbo la Nkenge, mkoani Kagera, ya uchaguzi wa mwaka 2000. Huko si mbali nasi: maji ya Nyabarongo yanayopita kando ya Kigali huingia mto Akagera, nao hupita Kagera kabla ya kufika Ziwa Victoria. Ndyanabo alidai kifungu hicho kinavunja Katiba. Mahakama Kuu ilimkatalia, akakata rufaa.

Mwezi Februari 2002 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Barnabas Samatta, ilimpa ushindi. Ilitambua kwamba kumkinga anayeshtakiwa dhidi ya kesi za ovyo ni lengo halali. Hata hivyo, kudai kiasi kimoja kutoka kwa kila mtu katika nchi yenye maskini wengi ni kuwafungia wengi mlango wa haki, jambo linalopingana na ibara ya 13 ya Katiba. Baadaye sheria iliandikwa upya: kiasi kisichozidi milioni 5 kwa kila mlalamikiwa, na mahakama ikaweza kumsamehe asiye na uwezo.

Mwenzangu mmoja darasani alinipinga. Alisema mbunge aliyeshinda kihalali naye huwalipa mawakili kwa miezi mingi, na huo ni uonevu. Hoja yake ina uzito, na nadhani Kenya imejaribu kuijibu. Sheria yake hudai dhamana ya shilingi 500,000 katika kesi ya ubunge au ugavana, na 100,000 katika ile ya mjumbe wa bunge la kaunti. Lakini kanuni za mwaka 2017 humruhusu jaji, kesi inapomalizika, kuweka kikomo cha gharama. Katika kesi za urais za 2013 na 2017, Mahakama ya Juu iliamua kila upande ubebe gharama zake, ingawa katika ile ya pili mlalamikaji ndiye aliyeshinda.

Sisi Rwanda tuna njia nyingine, yenye asili ya sheria za Ubelgiji. Katika kesi za madai, malipo ya wakili, yaani igihembo cha avoka, huamuliwa katika hukumu ile ile, na pasipo risiti jaji hukadiria kwa busara yake. Faida yake ni kwamba anayekadiria ndiye aliyeisikiliza kesi.

Kwa maoni yangu, hilo ndilo funzo la kesi ya Nkenge. Gharama zikadiriwe mwishoni, na mtu aliyeona nani alikuja na hoja na nani alikuja kusumbua. Zikidaiwa zote mlangoni, mwenye hoja na msumbufu hupimwa kwa mfuko tu, na watu kama baba yangu mdogo hurudi nyumbani kabla hawajasikilizwa.